Je, Mashine Inaweza Kulinda Amani ya Kikundi Chetu? Somo kutoka Goma

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kamati za amani, vikundi vya vijana, vyama vya akina mama na wote wanaosimamia vikundi vya WhatsApp au Facebook katika mitaa yao. Linaweza kutumiwa katika kikao cha saa mbili. Msomaji mmoja asome kila sehemu kwa sauti, kisha wote wajadiliane. Mwishoni kuna zoezi na maswali.

Usiku mmoja katika kikundi cha mtaa

Ni saa nne usiku mjini Goma. Katika kikundi cha WhatsApp cha mtaa mmoja, chenye watu mia sita, unaingia ujumbe: "Ile nyoka iko tena hapa pa soko. Vijana, munajua kazi yenu."

Ujumbe huo hauna tusi wala jina la mtu, na hautaji kabila lolote. Mgeni akiusoma atadhani kuna nyoka sokoni. Lakini msimamizi wa kikundi, yule ambaye wengi humwita admini, anashtuka. Anamjua aliyeandika. Anajua pia kwamba jana mtu huyo aligombana juu ya deni na mfanyabiashara anayezungumza Kinyarwanda, mwenye nyumba nyuma ya soko. Tayari mtu mwingine ameuliza: "Iko wapi? Tuko njiani."

Msimamizi anafanya mambo manne. Anafunga kikundi kwa muda, ili wasimamizi peke yao waweze kuandika. Anafuta ujumbe ule. Anampigia simu aliyeuandika na kuzungumza naye kama kaka mkubwa anavyozungumza na mdogo wake. Halafu anampigia mkuu wa mtaa, naye anakwenda kukaa mlangoni kwa yule mfanyabiashara. Baada ya nusu saa watu wamelala.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Lakini anayeishi Goma, Bukavu au Uvira atatambua kwamba mambo ya namna hii hutokea. Msimamizi huyo halipwi, na vocha ya simu ananunua mwenyewe. Siku hizi kuna programu za akili bandia ambazo watengenezaji wake wanasema zinaweza kufanya kazi hiyo mchana na usiku bila kuchoka. Je, tumpumzishe mtu na kuiweka mashine mahali pake?

Kwa nini jambo hili ni zito kwa Goma

Goma ni mji unaojua gharama ya uvumi. Tukumbuke nyakati tatu.

*Ebola.* Ugonjwa huu ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walifariki. Watu wengi waliamini kwamba Ebola ni biashara au ni njama ya siasa, na uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo, imani hiyo ikapata nguvu. Vituo vya afya vilishambuliwa. Daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Mgonjwa wa kwanza alipopatikana Goma, Julai 2019, mji ulikuwa umejaa hofu. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba. Pamoja na kufundisha, waliandika maneno ambayo watu waliyasema na maswali waliyouliza, kisha wakarudi na majibu.

*Volkano.* Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye serikali iliagiza mitaa kumi ya Goma ihamishwe, na mamia ya maelfu ya watu wakaelekea Sake, Rutshuru na Rwanda. Tarehe 29 Mei serikali yenyewe ilitangaza kwamba volkano nyingine, Murara, imelipuka. Siku hiyo hiyo ikarekebisha: moshi ulioonekana ulitoka kwa watu waliokuwa wanachoma makala. Tunajifunza kwamba hata habari yenye muhuri inaweza kuwa na kosa. Iliyoondoa hofu ile ilikuwa taarifa ya waliokwenda kuangalia.

*Vita.* Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 waliingia Goma baada ya mapigano makali. Siku kama hizo, ujumbe mmoja kwenye simu unaweza kumtoa mtu nyumbani akaingie katika risasi. Ujumbe mwingine unaweza kuwafanya majirani wamwone mtu kuwa adui kwa sababu ya sura yake au lugha ya mama yake.

Eneo letu la Maziwa Makuu limeona mwisho wa njia hiyo. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita watu mende na nyoka kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wa vyombo vya habari vya chuki. Tulijua tangu wakati ule kwamba neno huweza kuua. Leo kila simu ina uwezo wa kuwa redio ndogo.

Mashine inafanyaje kazi?

Akili bandia ya kusimamia mazungumzo hufundishwa kwa mifano mingi. Watu huipa maelfu ya jumbe zilizotiwa alama: huu ni mbaya, huu hauna shida. Baada ya hapo, mashine ikipata ujumbe mpya, hukadiria kama unafanana na ule mbaya. Uwezo wake unatokana na mifano iliyofundishwa. Ikiwa mifano mingi ni ya Kiingereza, itajua matusi ya Kiingereza vizuri zaidi.

Sasa fikiria lugha ya Goma. Mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili cha Kongo, anatia neno la Kifaransa, anamalizia kwa Kinyarwanda, Kinande, Kihunde au Mashi. Kiswahili chenyewe si kile cha vitabu vya Dar es Salaam au Nairobi. Tena maneno ya chuki hubadilika upesi. Neno moja likikatazwa, wiki ijayo watu wana jingine. "Nyoka" leo ni mnyama, kesho ni jirani.

Jambo lingine la kujua ni kwamba jumbe za WhatsApp zimefungwa kwa siri tangu mwaka 2016. Anayetuma na wanaopokea ndio wanaoweza kuzisoma, na kampuni yenyewe haizisomi zikiwa njiani. Kwa hiyo katika kikundi cha mtaa, macho ya kwanza ni ya wanakikundi na msimamizi wao. Anayechukua jumbe za majirani na kuzitia katika programu ya akili bandia ili izichambue, anazitoa nje ya kikundi. Wenye maneno yao hawakuulizwa.

Ilipojaribiwa, ilikuwaje?

Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoanza kuenea, kampuni kubwa za mitandao ziliwarudisha nyumbani wafanyakazi wengi waliokuwa wanachuja maudhui. Kazi kubwa zaidi ikaachiwa mashine. Katika miezi mitatu, Aprili hadi Juni 2020, YouTube iliondoa video zaidi ya milioni 11, karibu mara mbili ya miezi mitatu iliyotangulia. Baadhi ziliondolewa bila kosa, na waliolalamika wakarudishiwa video zao wakawa wengi kuliko awali. Septemba mwaka huo kampuni ikaeleza kwamba inawarudishia watu sehemu ya kazi hiyo. Mashine ilikuwa na mkono mzito, ikang'oa magugu pamoja na mihogo.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu Kenya, ambako kosa lilikuwa la upande wa pili. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliandaa matangazo ya majaribio yenye maneno ya chuki na wito wa kuua, kwa Kiingereza na Kiswahili. Yalipelekwa Facebook ili kuona kama yatazuiwa, kisha yaondolewe kabla hayajamfikia mtu yeyote. Yale ya Kiswahili yalikubaliwa. Yale ya Kiingereza kwanza yalikataliwa kwa sababu ya makosa ya sarufi na maneno machafu, na yaliporekebishwa yakakubaliwa pia. Yaani kichujio kiliona makosa ya sarufi, hakikuona wito wa kuua.

Mfano wa tatu ni wa Ethiopia. Meareg Amare, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, aliuawa Novemba 2021, baada ya jina lake na picha yake kusambazwa Facebook pamoja na tuhuma. Mwanawe, Abrham Meareg, alieleza katika kesi aliyofungua Nairobi Desemba 2022 kwamba aliripoti maandishi hayo kabla baba yake hajauawa, lakini hayakuondolewa kwa wakati. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina uwezo wa kusikiliza kesi hiyo.

Tukiitazama mifano hii mitatu pamoja, tunaona jambo moja. Mashine huangalia maneno. Mlinzi wa amani huangalia maneno, aliyeyasema, anayesemwa, na yaliyotokea jana kati yao.

Lakini tusimsifu mtu kupita kiasi

Haitakuwa haki tukisema mashine ina kasoro na mtu hana. Wasimamizi wa kujitolea wana matatizo yao, na ni lazima tuyaseme wazi.

*Wanachoka.* Anayefanya kazi ya mchana, akalala simu mkononi, hawezi kuendelea miaka mingi. Ujumbe mbaya hupita saa nane usiku akiwa usingizini.

*Wanaumia.* Mtu anayetazama picha za maiti kila siku hawezi kubaki kama alivyokuwa. Nairobi imetufundisha hilo. Daniel Motaung, aliyekuwa mchuja maudhui ya Facebook huko, alifungua kesi Mei 2022 akidai kwamba kazi hiyo ilimdhuru akilini. Desemba 2024 ilijulikana kwamba wachuja maudhui zaidi ya 140 waliokuwa katika kesi nyingine walipimwa na daktari na kukutwa na maradhi ya akili yanayotokana na mambo ya kutisha waliyoyaona. Hao walikuwa wanalipwa. Anayejitolea hana mshahara wala daktari.

*Wana upande.* Msimamizi naye ni mtoto wa kabila fulani na ana ndugu zake. Akifuta haraka tusi dhidi ya watu wake na kuchelewa kufuta tusi dhidi ya wengine, kikundi kinamwona. Hapo amani inakuwa jina tu.

*Wako hatarini.* Katika mji uliopita vitani, mtu mwenye silaha anaweza kutaka kuona simu. Anayefuta ujumbe wa wenye nguvu anaweza kuulizwa kwa nini.

Kwa hiyo swali la mtu au mashine halitoshi. Tuulize hivi: ni kazi gani tunaweza kuipa mashine ili mtu abaki na nguvu ya kufanya ile ambayo ni mtu tu anayeiweza?

Kugawana kazi

Kuna kazi ambazo mashine inazifanya vizuri. Inaweza kuzuia matangazo ya utapeli. Inaweza kuficha picha ya damu mpaka mtu achague kuifungua. Inaweza kuonyesha kwamba ujumbe umepelekwa mbele mara nyingi mno. Aprili 2020 WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe uliokwisha kusambazwa sana upelekwe kwa kikundi au mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Baadaye kampuni ilieleza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Kikomo hicho hakikuhitaji kusoma neno hata moja. Kilipunguza mbio tu, na mbio zikipungua watu hupata nafasi ya kufikiri. Facebook nayo imewapa wasimamizi wa vikundi chombo cha kuzuia baadhi ya maandishi kwa masharti wanayoyaweka wenyewe.

Sasa tuangalie kazi ya mtu. Katika delta ya mto Tana, Kenya, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 yaliua watu zaidi ya 150. Uvumi ulikuwa umechochea hofu pande zote mbili. Baada ya hapo shirika la Sentinel Project lilianzisha mradi ulioitwa Una Hakika. Mwananchi aliyesikia uvumi aliutuma kwa ujumbe wa simu. Kompyuta ilisaidia kuupokea na kuupanga. Wajitoleaji wa vijijini, waliojulikana na kuaminika, waliuliza na kuthibitisha. Kisha jibu lilirudishwa kwa watu: ni kweli, si kweli, au bado tunafuatilia. Mashine ilibeba mizigo, lakini aliyefungua kinywa na kusema "nimekwenda, nimeona" alikuwa mtu.

Kivu Kaskazini nayo ina urithi wake. Mwaka 1998 iliundwa Baraza la jamii mbalimbali, ambamo wazee wa makabila ya mkoa walikaa pamoja kutatua ugomvi kabla haujawa vita. Halikuwa kamilifu, na siasa ililiyumbisha. Lakini wazo lake linabaki na faida. Uamuzi juu ya neno lililoumiza hutolewa na watu wa pande zote, mbele ya watu, na aliyeutoa anaweza kuulizwa kesho yake. Mashine haiwezi kuitwa barazani. Ikikosea, haina uso wa kuona haya wala mdomo wa kuomba msamaha.

Hatua saba kwa kikundi chenu

1. *Wekeni wasimamizi wasiopungua watatu, kutoka jamii tofauti.* Mwanamke na kijana wawemo. Mmoja akichoka au akiwa na upande, wengine wapo.

2. *Andikeni masharti mafupi ya kikundi,* kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa. Masharti matano yanatosha. Kila anayeingia ayasome.

3. *Gawaneni zamu.* Usiku ambao hakuna mlinzi, fungeni kikundi mpaka asubuhi. Siku ya hatari, aliye zamu awe na ruhusa ya kufunga bila kuuliza.

4. *Ongeeni na mtu faraghani kabla ya kumtoa.* Aliyetolewa kwa aibu huanzisha kikundi chake cha hasira. Lakini wito wa kumdhuru mtu ufutwe mara moja, na anayetishiwa ajulishwe kwa njia salama.

5. *Thibitisheni kabla ya kukanusha.* Ulizeni: nani ameona kwa macho? Lini? Wapi? Kama hamjui, semeni "bado hatujajua." Maneno hayo mawili yanatuliza watu kuliko uongo mtamu.

6. *Mkitumia mashine, iwe ya kuonyesha, isiwe ya kuhukumu.* Iweke alama, mtu aamue. Waambieni wanakikundi kwamba mnaitumia. Kila aliyefutiwa ujumbe ajue ni nani wa kumwendea kulalamika. Msitie mazungumzo ya majirani katika programu za nje bila ruhusa yao.

7. *Tunzeni walinzi wenu.* Changeni vocha yao. Asilazimishwe mtu kutazama picha za kutisha. Awe na mtu wa kuzungumza naye. Msihifadhi orodha ya majina ambayo ikiangukia mikono mibaya italeta madhara. Na msimamizi akisema "hapa maisha yangu yako hatarini," apewe ruhusa ya kuacha bila lawama.

Kumbukeni pia kwamba Kongo ilipata sheria ya mambo ya dijitali tarehe 13 Machi 2023, na sheria hiyo inagusa pia maneno ya chuki yanayosambazwa mtandaoni. Kamati yenu inaweza kumwomba mwanasheria awaeleze haki na wajibu wa msimamizi.

Zoezi

Gawanyikeni katika makundi ya watu wanne. Kila kundi lichukue moja ya jumbe hizi tatu, ambazo tumezitunga kwa ajili ya zoezi:

- "Maji ya ziwa yametiwa sumu. Peleka kwa watu ishirini."
- "Wale wageni wameanza kurudi usiku. Mwenye masikio asikie."
- Picha ya maiti isiyo na maelezo, yenye alama kwamba imepelekwa mbele mara nyingi.

Jibuni: Mashine ingeona nini hapa? Isingeona nini? Msimamizi anapaswa kumpigia nani simu kwanza? Ataandika nini kikundini baada ya kufuta? Kila kundi liwaigizie wengine kwa dakika tano.

Maswali ya kujadili

- Katika kikundi chenu, nani anafanya kazi ya kutuliza? Je, amewahi kushukuriwa?
- Ni maneno gani mtaani kwenu yana maana mbili, moja ya kawaida na nyingine ya kuumiza? Mgeni angeyajuaje?
- Je, umewahi kufutiwa ujumbe na mashine au na msimamizi bila kuelezwa sababu? Ulijisikiaje?
- Kama kesho mtapewa programu ya bure ya kusimamia kikundi, mtaipa kazi gani, na mtainyima kazi gani?
- Msimamizi akiwa na upande, nani atamwambia?

Neno la mwisho

Turudi kwa yule mfanyabiashara wa nyuma ya soko. Tuseme mashine ingekuwa hodari na kuufuta ujumbe ule kwa sekunde moja. Bado aliyeandika angebaki na hasira yake, vijana wangekuwa wameshausoma, na mwenye nyumba angekuwa peke yake gizani. Kilichomlinda ni simu iliyopigwa na mzee aliyekuja kukaa mlangoni pake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nasi tunaongeza kwamba mlinzi wa mbali hamwokoi jirani. Mashine tuipokee kama msaidizi, na mlangoni tuendelee kukaa wenyewe.